Magoti Manne

Wapendwa, leo nitasema kidogo tu. Mzee wa kanisa pale ameshaanza kucheka, maana anajua mhubiri akianza hivyo jua la mchana litatukuta humu humu. Haya, kaeni vizuri. Nataka kuwapa habari za mama mmoja na vyungu vyake. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nikilitaja mtaacha kujitazama ninyi mtaanza kumtafuta yeye.

Mama huyu alikaa kijiji cha upande mkavu wa mlima. Upande ule mnaujua: mawingu yanapita yamejaa, yanakwenda kunyesha kwa wenzao. Mvua ikifika inakaa wiki nne, tano ikiwa na huruma, halafu inaaga. Mahindi ya dukani walishayajaribu, yakafika kimo cha magoti yakakauka. Kilichowaweka watu pale miaka yote ni mtama mmoja mfupi, mwekundu, wenye punje ndogo ngumu, unaoiva kabla mvua haijakata. Dukani haukuwepo. Na mbegu yake ilikaa nyumba moja tu ya kijiji kile, nyumba ya huyu mama, na kwa sababu hiyo watu wakamwita Mama Mbegu.

Kwa nini nyumba moja? Kwa sababu kati ya mavuno na mvua kuna miezi mingi, na wadudu hawana likizo. Nyumba nyingine zilipoweka mbegu, mvua ilipokuja zilikuta punje zina matundu na unga chini ya gunia. Za Mama Mbegu zilitoka kwenye chungu nzima, ziking'aa. Yeye alijua namna ya kuzihifadhi. Alifundishwa na mama mkwe wake, ambaye naye alifundishwa na mama mkwe wake. Wakwe kwa wakwe, huko nyuma kusikojulikana.

Basi mawingu yalipoanza kunguruma, wanawake wa kijiji walikuja uani kwa Mama Mbegu, kila mmoja na kibuyu chake. Desturi ilikuwa hii: anayepokea mbegu anapiga magoti, anakinga mikono miwili, anamiminiwa, anahamishia kwenye kibuyu, anaondoka bila kusema asante. Mama mkwe alipokuwa hai, alimimina naye akiwa chini. Mama Mbegu alipoirithi kazi akaleta kigoda. Alisema magoti yanamuuma. Sawa, magoti huuma, hata mimi yangu yananiuma. Lakini tuambiane ukweli hapa kanisani: alipokaa kwenye kile kigoda mara ya kwanza, akaona vichwa vyote vya wanawake wa kijiji kwa juu, pamoja na kilemba cha mke wa mwenyekiti, alisikia utamu ambao hakuwahi kuusikia tangu azaliwe. Nani angemlaumu? Mwaka mzima alikuwa mjane wa kawaida anayeota moto na kuku wake. Siku ile moja alikuwa mtu.

Mtu akishaonja kitu cha namna hiyo, anaanza kukilinda. Mama Mbegu alikilinda. Siku ya kuhifadhi mbegu alijifungia chumba cha ndani, na mke wa mwanawe, aliyekuwa akikaa naye nyumba moja, alitumwa maji mtoni hata pipa likiwa limejaa. Mkwe akisema, "Mama, maji yapo," anajibiwa, "Nataka ya leo." Zamani kidogo alikaa naye binti mmoja, mtoto wa shemeji yake. Binti yule alikuwa na macho mepesi. Mwaka mmoja Mama Mbegu akamkuta amefunga konzi ya mbegu kwenye pindo la khanga, tena akagundua kwamba amekuwa akichungulia dirishani siku za kuhifadhi. Alimtoa mbele ya wanawake wote waliokuja na vibuyu, akamwita mwizi. Binti akaondoka na lile pindo bado limefungwa, maana kwa hasira Mama Mbegu alisahau kumfungua. Akaja kuolewa ng'ambo ya mto mkubwa, na jina lake halikutajwa tena katika ile nyumba.

Siwatetei wezi, wapendwa. Nawauliza tu: binti anayeiba kujua, tumwiteje? Tulieni, jibu litakuja lenyewe.

Sasa mwaka mmoja akaja bwana shamba. Akawakusanya wanawake shuleni akawaambia, "Mama zangu, huu mtama wenu ni hazina, lakini unaishi kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo akipata malaria mbaya kesho tumekwisha. Uandikeni." Wakakubaliana kila kitu kiandikwe kwenye daftari: namna ya kuchagua mbegu, namna ya kuikausha, namna ya kuihifadhi, halafu kila nyumba iweke chungu chake. Wakatafuta mwenye mwandiko mzuri na roho ya uvumilivu. Mnadhani walimchagua nani? Walimchagua mkwe wa Mama Mbegu.

Hapo ndipo wivu ulipomshika mama yetu. Ulimshika vibaya, kwa sababu alikuwa anaishi naye. Kama angekuwa jirani, angefunga dirisha. Lakini huyu alikuwa mle mle ndani, anamchotea maji ya kuoga, anampikia uji, na watu wanapita uani wanasema, "Hodi, tunamtafuta mwalimu wa daftari." Mwalimu! Huyu aliyekuja juzi hajui kuwasha kuni mbichi! Wazee waliokuwa hawasemi na mtu walimpigia soga mkwe mpaka jua linazama, kwa sababu alikuwa na kipaji cha kusikiliza na kalamu mkononi. Mke wa mwenyekiti alimwambia Mama Mbegu mwenyewe, kwa nia njema kabisa, "Umepata mkwe! Huyu ndiye atakayekushika mkono uzeeni." Mama Mbegu akatabasamu meno yote. Alipofika nyumbani akamwaga uji aliowekewa, akasema umeungua. Uji haukuungua. Kilichoungua tunakijua.

Siku moja asubuhi mkwe akaja na daftari lake limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Nimezunguka kwa wote, umebaki wewe. Na bila wewe daftari hili ni karatasi tu."

Maneno mazuri, au siyo? Lakini mwenye wivu ukimpa neno zuri analigeuza aone upande wa pili. Mama Mbegu alisikia hivi: nimewamaliza wote, sasa zamu yako. Hata hivyo alikuwa amezungukwa. Angemnyima, kijiji kizima kingejua kesho yake. Kwa hiyo akaanza kusema, na karibu yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Masuke yachaguliwe katikati ya shamba, siyo pembeni ambako mtama wa jirani umechanganya. Yakauke kivulini siku mbili, juani siku moja. Yapukuchuliwe kwa mkono, yasipigwe kwa fimbo. Chungu kiwe hakijawahi kuingia mafuta.

"Halafu majivu," mkwe akasema, kalamu ikingoja. "Watu wanasema unachanganya na majivu. Yanakuwaje, mama?"

Hapo wapendwa ndipo siri ilipokaa. Majivu yanafukuza wadudu, lakini lazima yachekechwe, yalale siku tatu, yapoe kabisa, ukiyaweka shavuni usisikie kitu. Mbegu ni kiumbe hai amelala. Ukimfukia kwenye majivu ya moto anafia humo humo, na ubaya wake ni kwamba anakufa bila kubadilika sura. Punje inabaki nzima, nyekundu, inang'aa. Ukiitwanga inaliwa. Ukiipanda haioti.

Mama Mbegu akautazama ule mwandiko mzuri. Akasema, "Ya moto. Yatoke mafigani yaingie chunguni saa ileile. Mkono uyavumilie kwa shida."

"Mama, hayataunguza?"

"Mbegu hizi za nani, zangu au zako? Umekuja kuuliza au umekuja kufundisha?"

"Nisamehe, mama." Mkwe akaandika: majivu ya moto. Akapigia mstari chini, ili asisahau.

Mnaona mpango ulivyokaa? Wanawake watahifadhi kidogo kidogo majumbani mwao kwa kufuata daftari. Mvua ikija hakuna kitakachoota. Daftari litawashiwa moto, mkwe atafunga mdomo, na wote watarudi na vibuyu vyao mbele ya kigoda, ambako vyungu vya Mama Mbegu vitakuwa vimejaa mbegu nzima. Hakuna atakayekufa njaa. Wivu ukipanga mambo huwa haukosi hata kijiko. Kitu kimoja tu husahau, nacho ni kwamba mpangaji mwenyewe ana mifupa.

Wiki ya mavuno Mama Mbegu aliteleza kwenye mawe ya mtoni akavunjika nyonga. Akapelekwa hospitali ya wilaya, kisha akakaa kwa dada yake karibu na pale ili ahudhurie kliniki, na kwa jumla alikaa miezi mitatu. Huko alikuwa na simu ya dada yake. Mara tatu aliichukua apige nyumbani aseme mtama usiguswe mpaka arudi. Mara tatu akairudisha mezani. Mkwe angeuliza, "Kwa nini mama, si njia tunayo?" Naye angejibu nini? Angesema msitumie njia niliyowapa? Akajipa moyo kwamba mkwe hatathubutu kuingia chumba cha ndani. Hakuwahi kuruhusiwa hata kukifagia.

Aliporudi, kwa mkongojo, mkwe alimpokea kwa vigelegele, akamwogesha, akamlisha, halafu akamshika mkono kwa furaha ya mtoto.

"Njoo uone, mama."

Akampeleka chumba cha ndani. Vyungu vyote vilikuwa vimepangwa, midomo imezibwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, safi, sawasawa na alivyoviziba yeye miaka yote.

"Wadudu walishaanza kuingia kwenye magunia," mkwe akasema. "Nikaona nikikungoja utakuta unga. Nikasema acha nivunje amri, nitaomba msamaha ukirudi. Nimefanya kama unavyofanya wewe, mama. Hata majivu, viganja vimebabuka, tazama."

"Nani kakufundisha?" Mama Mbegu akauliza, na sauti ilitoka ndogo.

"Si wewe, mama?"

Akaviangalia vile viganja. Vilikuwa na makovu ya moto.

Alipobaki peke yake akabomoa mdomo wa chungu kimoja akachota. Mbegu zilikuwa nzuri ajabu. Akahesabu punje ishirini, akazifunga kwenye kitambaa kilicholowa, akakiweka chini ya mtungi wa maji ambako pana ubaridi. Mtama mzima siku ya tatu huwa umeshatoa kimzizi cheupe. Siku ya tatu akafungua, hakuna. Siku ya tano, hakuna. Siku ya saba kitambaa kilikuwa kinanuka. Akajaribu chungu cha pili, na cha tatu. Akamwomba mke wa mwenyekiti konzi moja ya zile alizohifadhi nyumbani, akisema anataka kulinganisha rangi. Zile nazo zikaoza. Kijiji kizima kilikuwa na vyungu vilivyojaa maiti, na mtu aliyejua hilo alikuwa mmoja.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo ningetaka mtu asisinzie. Mnadhani aliungama siku ile ile? Wapi! Wivu ulimjia kwa mara ya pili, na safari hii ulikuja na zawadi. Ulimwambia: mbona ni rahisi? Nani alihifadhi? Mkwe. Nani aliandika? Mkwe. Wewe ulikuwa hospitali na nyonga yako. Sema daftari limetuua. Watamfukuza, utabaki wewe. Na Mama Mbegu, nawaambia bila kumficha, alilipenda wazo hilo. Alikaa nalo siku kadhaa akilipapasa. Alimwona mkwe anafua shuka zake akasema moyoni, cheka tu, siku yako inakuja. Alikuwa tayari kukosa mbegu, mradi mwingine akose jina.

Je, humu ndani hakuna anayeijua hiyo hali? Kutamani nyumba ya mwenzio iungue hata kama ukuta ni mmoja?

Mawingu yakanguruma. Ijapokuwa mwaka ule kila nyumba ilikuwa na chungu chake, wanawake walikuja uani na vibuyu kama desturi, waanze na konzi ya Mama Mbegu. Kigoda kikawekwa. Wa kwanza kupiga magoti alikuwa mkwe, daftari kwapani, mikono miwili mbele, na vile viganja vyenye makovu juu.

Mama Mbegu akasema, "Hakuna kupanda. Mbegu zimekufa. Zangu na zenu zote."

Kelele zilizopigwa pale ziliwaamsha mbuzi. Mmoja akasema haiwezekani, jana tu amezitazama zinang'aa. Mwingine akauliza, "Zimeuawa na nini?" Mwingine akamaliza kwa kuuliza lile ambalo wivu ulikuwa unalingoja: "Na nani?"

Macho yote yakamgeukia mwenye daftari. Mkwe alikuwa bado amepiga magoti. Akalifungua, akausoma ukurasa kwa sauti mpaka akafika pale penye mstari. Majivu ya moto. Akaviangalia viganja vyake. Alikuwa mtu mwenye akili, akaelewa pale pale. Akainua uso akamtazama mama mkwe wake, na mnajua alisema nini?

Alisema, "Mama, pengine niliandika vibaya. Kama niliandika vibaya sema tu, na wote wasikie ni mimi."

Mlango huo, wapendwa, ulifunguliwa wazi kabisa. Kilichotakiwa ni neno moja. Ndiyo. Mama Mbegu alikuwa amelilea neno hilo siku zote zile, lilikuwa tayari ulimini. Lakini hakuwa amejiandaa kupewa bure kitu alichopanga kukiiba. Kila alipotaka kulisema aliona viganja.

Watu wakaanza kuguna. Halafu akasema, "Uliandika nilivyosema. Mimi nilisema uongo. Majivu yanatakiwa yapoe siku tatu."

"Mama, kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

Mkwe akalia, na akiwa analia akatoa kalamu, akakata yale maneno, akaandika juu yake: yapoe siku tatu. Kwa hiyo siku ile, kwa mara ya kwanza tangu kijiji kiwe kijiji, elimu yote ya mtama ule ilikuwa imeandikwa sawasawa, kwa mwandiko mzuri, mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Na hapakuwa na punje moja hai ya kuifanyia kazi.

Ndipo mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "Mtama huu mimi nimeuona ng'ambo ya mto, nilipokwenda msibani. Upo shambani kwa yule..." Akakatisha. Kila mtu alimjua huyo yule.

Kesho yake Mama Mbegu akatoka na mkongojo wake, mkwe nyuma amebeba kibuyu. Mwendo wa mtu mzima ni nusu siku, wao walitembea siku nzima, na njiani hawakusemeshana sana. Walipofika walimkuta mwanamke yule anaanika kunde uani. Aliwatambua tangu mbali. Akajifuta mikono.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba." Mama Mbegu hakungoja kukaribishwa kiti. "Nimekuja kuomba mbegu. Zangu nimeziua."

"Mbegu za nani, mama mkubwa?"

Hakuuliza kwa jeuri, aliuliza tu. Lakini mkwe aliinamisha kichwa, kwa sababu swali lile aliwahi kulisikia na jibu lake alilijua. Mama Mbegu akaegemea mkongojo wake. Miaka yote alikuwa na jibu.

"Sijui tena," akasema.

Yule mwanamke akaingia ndani akatoka na chungu. "Ile konzi ya pindoni niliipanda," akasema. "Ilipoongezeka nikawagawia majirani, nikawaonyesha na namna ya kuiweka, maana peke yangu ningeshindwa. Mwaka juzi zangu zililiwa na panya, nikapata tena kwao. Sasa huku karibu kila nyumba ina chungu."

Mama Mbegu akaanza kushuka chini. Kwa nyonga ile ilikuwa kazi, mkwe alimshika kiuno. Goti la kwanza, akagumia, goti la pili. Akakinga mikono. Akainamisha uso, kwa sababu alijua namna mtu anavyoonekana kutoka juu, na alijua utamu anaousikia anayetazama. Akafumba macho, akangoja kuhukumiwa.

Alipofumbua macho akaona magoti mengine mawili mbele yake, kwenye vumbi lile lile. Mwenye mbegu alikuwa amepiga magoti naye.

"Wewe unapiga magoti kwa nini?" Mama Mbegu akauliza. "Mwenye kuomba ni mimi."

Yule mwanamke akashangaa kweli kweli. "Si ndivyo bibi alivyokuwa akifanya? Punje zenyewe ndogo. Ukimimina umesimama zinaruka, zinapotea. Mkiwa chini wote wawili, hata ikidondoka moja mnaiona. Umesahau, mama mkubwa?"

Alikuwa amesahau. Alikumbuka sasa mama mkwe wake akiwa chini, uso kwa uso naye, vichwa vyao karibu kugusana, na kidole cha yule mzee kikiokota punje moja kwenye vumbi kwa ukucha. Miaka mingi Mama Mbegu alidhani wanawake wanampigia magoti yeye. Watu walikuwa wakipiga magoti kwa ajili ya mbegu isimwagike. Akalia pale chini kwa aibu, na yule aliyemwita mwizi akaendelea kummiminia polepole, na mkwe wake akaokota punje mbili zilizodondoka.

Wapendwa, hadithi imeishia hapo. Sasa tuje kwetu, na mtu asimwangalie jirani yake.

Sisi humu ndani tuna vyungu vingi. Kuna fundi hapa, namheshimu, ndiye peke yake anayejua kuifungua ile pampu ya kisima chetu ikikwama, na akiifungua anawafukuza vijana wasitazame. Kuna wazee mnaojua mipaka ya ule msitu wa chemchemi, miti gani isikatwe na kwa nini, na mmenyamaza, mnasubiri muulizwe kwa heshima, na wakati mnasubiri misumeno inalia. Kuna mkunga. Kuna mwalimu wa kwaya, usijifiche. Kila mmoja wetu amewekewa kitu na waliomtangulia, na sisi tukaleta kigoda tukakaa juu yake.

Tena tusidhani dhambi ni kunyima tu. Kunyima ni kubaya, lakini aliyenyimwa anajua kuwa hana, atakwenda kutafuta kwingine. Kuna kubaya zaidi, ni kule kutoa tisa za kweli na moja ya uongo. Huyo uliyempa anadhani anacho. Atakitunza, atakipigia mstari, atababuka viganja kwa ajili yake, na siku ya mvua atapanda maiti. Watoto wake watakula nini? Na watoto wa watoto wake, ambao hawajatukosea lolote, hata hawajazaliwa tuwaonee wivu, watatuitaje?

Mama Mbegu aliulizwa mbegu ni za nani. Mimi nakuuliza hivyo hivyo. Hicho unachokijua, ulizaliwa nacho? Nani alipiga magoti mbele yako ukiwa hujui kitu, akakumiminia, wala hakukudai? Mbegu alizozifungia zilikufa zote. Zilizopona ni zile zilizomponyoka. Fikirini hilo mkiwa mnarudi nyumbani.

Na wewe unayemkumbuka mtu fulani sasa hivi, ndiyo, wewe, uliyemwita mwizi, au mjuaji, au mtoto wa juzi, kwa sababu tu alitaka kujua: usiningoje mimi nimalize ibada. Inuka sasa uende kwake. Na ukifika usitafute kiti. Magoti yako mawili na yake mawili, yote manne yawe chini.